Thimoli na Safura: Habari za Kiungo Kilichogeuzwa Dawa ya Minyoo

Thimoli ni fuwele nyeupe zenye harufu kali zinazopatikana katika mafuta ya mimea kadhaa ya jikoni. Imo katika zaatari, mmea mdogo wa nchi za Bahari ya Kati ambao wapishi wa hoteli huuita thaimu. Imo pia katika oregano, na kwa wingi zaidi katika ajwaini, mbegu ndogo za rangi ya kijivu zinazofanana na uzile lakini zinazowasha ulimi, ambazo Wahindi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hutia katika bhajia na vitafunio vya unga wa dengu. Anayefikicha mbegu za ajwaini kiganjani na kuzinusa, harufu inayompanda puani ni ya thimoli. Kuanzia miaka ya 1880 hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, fuwele hizo ndizo zilizokuwa tegemeo kubwa la waganga katika kutibu safura. Zilimezwa na wachimba mahandaki wa Italia, wachuma kahawa wa Puerto Rico na wakulima wa pamba wa Marekani, kisha zikaachwa kwa haraka hivi kwamba leo watu wengi huzikuta tu katika dawa ya kusukutulia kinywa.

Aliyezitenga mara ya kwanza ni Caspar Neumann, mfamasia wa Berlin, aliyezipata katika mafuta ya zaatari mwaka 1719. Kwa zaidi ya miaka 100 zilibaki kitu cha kuwekwa kabatini na kuonyeshwa wageni, kwani hakuna aliyejua zifanye kazi gani. Mwaka 1853 mwanakemia Mfaransa Lallemand alizichunguza upya, akabainisha fomula yake ya kikemia, nazo zikajulikana kwa jina la thimoli, kutokana na jina la Kilatini la zaatari. Molekuli moja ina atomi 10 za kaboni, 14 za hidrojeni na moja ya oksijeni. Ni ya jamii moja na asidi ya kaboliki, ile dawa kali ya kuua vijidudu ambayo madaktari wa upasuaji wa karne ya 19 waliipulizia vidonda na hewa ya chumba kizima. Thimoli ilionekana kuwa na nguvu ya namna hiyo bila kuunguza sana, na ikaanza kutumiwa katika dawa za vidonda.

Hata hivyo wauzaji wa masokoni Uhindi hawakumsubiri Lallemand. Katika miji ya Uhindi ya kati walikeneka mbegu za ajwaini, wakaacha mafuta yapoe, na fuwele zilizoganda juu wakaziuza kwa jina lenye maana ya maua ya ajwaini. Zilitumiwa kwa tumbo lililojaa upepo, kwa kuhara na kwa minyoo. Mafuta huwa sehemu ndogo tu ya mbegu, kati ya asilimia 2 na 4 hivi ya uzito wake, lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni thimoli. Hakuna zao jingine la jikoni lililoweza kushindana na ajwaini kwa hilo, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa vita vilipozuka mwaka 1914.

Ugonjwa ulioipa thimoli umaarufu huitwa safura kwa Kiswahili, neno lililotoka katika Kiarabu, lenye asili moja na rangi ya manjano na nyongo. Jina limeshika sura ya mgonjwa: ngozi iliyopauka, uso na miguu iliyovimba, moyo unaodunda kwa kupanda kilima kidogo tu, na ile hamu ya ajabu ya kula udongo. Wazungumzaji wa Kiswahili waliuhusisha ulaji wa udongo na safura. Upande wa pili wa Atlantiki, katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu waliokuwa wagonjwa wa safura bila kujua waliitwa vivyo hivyo, walaji udongo, nalo likawa tusi. Kisababishi cha yote ni mnyoo wa urefu wa sentimita moja hivi anayejishikiza katika ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hamdhuru mtu. Mia kadhaa, mwaka baada ya mwaka, humkausha.

Aliyemwona kwanza na kumweleza ni Angelo Dubini, daktari wa hospitali kuu ya Milano, alipokuwa akipasua maiti ya mwanamke mkulima mwaka 1838. Alichapisha habari zake mwaka 1843 na kumpa jina la Kigiriki linaloashiria mdomo uliopinda kama ndoana. Dubini hakudai kwamba mnyoo huyo huua. Miaka michache baadaye, Mjerumani Wilhelm Griesinger, aliyekuwa Cairo pamoja na msaidizi wake Theodor Bilharz, yule ambaye jina lake limebaki katika ugonjwa wa kichocho, alimkuta mnyoo huyohuyo kwa wingi katika utumbo wa maiti ya mtu aliyekuwa na upungufu mkubwa wa damu. Akasema wazi kwamba ile hali ya kupauka iliyoenea Misri inatokana na mnyoo huyo. Madaktari wengi wa Ulaya walilipuuza dai hilo. Misri ilikuwa mbali, na wagonjwa wenyewe walikuwa wakulima.

Kilichowafungua macho ni reli. Kuanzia 1872 mpaka 1882 lilichimbwa handaki la Gotthard chini ya milima ya Alpi nchini Uswisi, lenye urefu wa kilomita 15 hivi, na wengi wa wachimbaji walikuwa Waitaliano. Ndani kulikuwa na joto kali na unyevunyevu, hapakuwa na vyoo, na watu walijisaidia palepale walipofanyia kazi, wengine wakiwa pekupeku katika matope hayohayo. Mtu angetafuta kwa makusudi mahali pa kufugia minyoo wa safura, asingepata pazuri kuliko hapo. Vijana walioingia wakiwa na nguvu walitoka wamepauka, wakaanguka njiani wakirudi makwao, na wengine wakafa. Edoardo Perroncito wa Torino alichunguza wagonjwa na maiti za wachimbaji, akakuta minyoo kwa mamia. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1878, Battista Grassi na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba si lazima mgonjwa afe ndipo ajulikane: mayai ya minyoo huonekana katika kinyesi kwa hadubini. Ugonjwa sasa uliweza kupimwa kwa mtu aliye hai, na kwa hiyo dawa nayo iliweza kupimwa.

Hapo ndipo Camillo Bozzolo, tabibu wa Torino, alipoijaribu thimoli, mwaka 1879 na 1880. Wenzake walitumia dondoo ya kangaga la Ulaya, dawa ya kale ya tegu, ambayo ilikuwa chungu, yenye madhara, na nguvu yake ilitofautiana kutoka chupa moja hadi nyingine. Thimoli ilikuwa na sifa mbili ambazo dondoo hiyo haikuwa nazo. Ilikuwa kitu kimoja safi, kinachopimwa kwa gramu, na gramu ya Torino ilikuwa sawa na gramu ya Cairo. Pili, haiyeyuki vizuri katika maji: lita moja huyeyusha gramu moja tu hivi. Kwa hiyo ikimezwa tumboni patupu, sehemu kubwa hubaki fuwele na kuteremka mpaka kwenye utumbo mwembamba, ambako minyoo wamejishikiza. Huko huwagusa, huwalegeza, na haluli huwasomba nje.

Lakini sifa hiyo ya pili ina upande wake wa hatari. Thimoli isiyoyeyuka katika maji huyeyuka upesi katika mafuta na katika pombe. Mgonjwa aliyekunywa dawa yake kisha akala siagi, akanywa maziwa au akapiga bilauri ya mvinyo, aliifungulia thimoli njia ya kuingia katika damu. Matokeo yalikuwa kizunguzungu, kuwaka moto tumboni, mkojo kuwa mweusi na mapigo ya moyo kuzorota. Vifo vilitokea, ingawa si vingi. Kosa la kusikitisha zaidi lilikuwa la waganga wenyewe. Kwa mazoea, waliokwisha kumpa mtu dawa ya minyoo walimpa mafuta ya mbarika ili aharishe, wasijue kwamba wanamnywesha kiyeyusho. Ndiyo maana utaratibu uliotumiwa baadaye duniani kote ulishikilia chumvi ya haluli, ambayo haina mafuta, na ukayapiga mafuta ya mbarika marufuku.

Utaratibu huo ulikuwa hivi. Jioni mgonjwa hakula chajio, au alikula kidogo sana, na kabla ya kulala alikunywa chumvi ya haluli ili utumbo usafike na ute unaowafunika minyoo upungue. Saa kumi na mbili asubuhi alimeza nusu ya thimoli, iliyosagwa na kutiwa katika kapsuli, na saa mbili nusu ya pili. Kipimo kamili cha mtu mzima mwenye afya kilifika gramu 4, na cha mtoto kilipunguzwa kulingana na umri, si umri wa cheti bali umri wa mwili, kwa sababu mtoto wa miaka 14 mwenye safura aliweza kuwa na umbo la mtoto wa miaka 9. Waganga wengine walimlaza mgonjwa ubavu wa kulia ili dawa itoke tumboni upesi. Saa nne alikunywa chumvi ya haluli tena, na chakula hakuruhusiwa mpaka imefanya kazi. Baada ya wiki moja kinyesi kilipimwa, na mayai yakionekana, mzunguko ulianza upya. Mara nyingi yalionekana. Thimoli ilipunguza minyoo kwa kiasi kikubwa, ila ilikuwa nadra kuwamaliza kwa mkupuo mmoja.

Wakati huo hakuna aliyejua minyoo huingiaje mwilini. Wengi walidhani ni kwa maji ya kunywa au mikono michafu. Jibu lilipatikana kwa ajali huko Cairo. Mjerumani Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye lava wa minyoo hao. Ngozi ikamwasha na kuwa nyekundu, na baada ya majuma kadhaa akaona mayai katika kinyesi chake mwenyewe. Kwa majaribio zaidi alionyesha kwamba lava hupenya ngozi, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda na makohozi mpaka kooni, humezwa, na ndipo hufika utumboni. Tangu hapo ikaeleweka kwa nini safura huwafuata wanaotembea pekupeku mahali penye kivuli, unyevu na kinyesi. Ikaeleweka pia kwamba mtu aliyetibiwa asubuhi anaweza kuambukizwa jioni akirudi shambani kwake.

Puerto Rico ndiko thimoli ilikotumiwa mara ya kwanza kwa umma mzima. Tarehe 8 Agosti 1899 kimbunga kilichoitwa San Ciriaco kilibomoa kisiwa, na maelfu ya wachuma kahawa wa milimani wakateremka kutafuta chakula. Bailey Ashford, daktari kijana wa jeshi la Marekani, aliwekwa kuwahudumia katika kambi karibu na mji wa Ponce. Aliwakuta wamepauka kama nta na akadhani ni njaa. Akawapa nyama, maharage na samaki, lakini rangi haikurudi. Mwezi Novemba alitazama kinyesi cha mmoja wao kwa hadubini akaona mayai. Aliwapa thimoli, na watu waliokuwa wakibebwa walianza kutembea wenyewe. Mwaka 1904 serikali ya kisiwa iliunda tume ya upungufu wa damu, Ashford akiwemo pamoja na Walter King na Pedro Gutiérrez Igaravídez. Walianzia Bayamón, wakahamia Utuado, milimani kwenye kahawa, wakikaa ndani ya mahema na kutibu foleni za mamia kwa siku. Kufikia mwaka 1910 watu takribani 300,000 walikuwa wametibiwa, katika kisiwa chenye wakazi wanaozidi milioni moja kidogo.

Huko Marekani bara, mtaalamu wa vimelea Charles Wardell Stiles alitangaza mwaka 1902 kwamba mnyoo wa kusini mwa nchi hiyo ni wa aina tofauti na yule wa Dubini. Jina alilopewa lina maana ya muuaji wa Amerika, ingawa wataalamu wengi huamini kwamba mnyoo huyo alivuka bahari kutoka Afrika ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani. Magazeti yalichukua habari hiyo kwa dhihaka, yakaandika kwamba kimepatikana kijidudu cha uvivu. Watu wa kusini walikasirika, na hasira yao ilikuwa na sababu: mnyoo aliyenyonya damu ya wakulima maskini, weupe kwa weusi, aligeuzwa kuwa mzaha juu ya tabia yao.

Mwaka 1909 John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja kwa kazi ya miaka mitano ya kuondoa safura katika majimbo ya kusini. Tume iliyoundwa iliongozwa na Wickliffe Rose, mwalimu wa falsafa kutoka Tennessee, ambaye hakuwa tabibu, na pengine ndiyo sababu aliona upesi kwamba kazi kubwa ilikuwa kuwavuta watu waje. Uvumi ulivuma kwamba tajiri huyo anataka kuingia katika biashara ya viatu. Rose alipitisha kila kitu kwa idara za afya za majimbo na kwa madaktari wa wilaya, ili jina la Rockefeller lisitangulie. Zahanati za muda zilifunguliwa mbele ya mahakama za wilaya au chini ya miti, siku moja kwa wiki. Watu walikuja kwa mikokoteni na vikapu vya chakula, wakiwa na vikopo vidogo vya kinyesi, wakatazama mayai kwa hadubini na minyoo waliohifadhiwa katika chupa, wakasikiliza mhubiri au wakaimba, kisha wakaondoka na kapsuli za thimoli na karatasi ya maelekezo. Siku hiyo ilikuwa sherehe kama ilivyokuwa matibabu.

Tume hiyo ilikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya watoto wa umri wa shule katika majimbo 11 walikuwa na safura. Ilipofunga kazi zake mwaka 1914, watu wanaokaribia 700,000 walikuwa wametibiwa. Waliotibiwa wengi waliambukizwa tena, kwa sababu vyoo vya shimo vilijengwa polepole kuliko kapsuli zilivyogawiwa, na Rose mwenyewe hakuficha kwamba safura haikutokomezwa. Hata hivyo faida haikuwa ndogo. Mwanauchumi Hoyt Bleakley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alilinganisha wilaya zilizokuwa na safura nyingi na zile zilizokuwa na kidogo. Aligundua kwamba baada ya kampeni mahudhurio ya shule na kujua kusoma vilipanda zaidi pale ambapo minyoo walikuwa wengi, na kwamba watoto hao walipokuwa watu wazima walipata mapato makubwa zaidi. Dawa iliyofanya hivyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa thimoli.

Mwaka 1913 taasisi ya Rockefeller ilianza kuupeleka mpango huo nje ya Marekani, ukafika Guyana ya Waingereza, visiwa vya Karibi, Misri, Ceylon na kwingineko. Mahitaji ya thimoli yalipanda, na palepale vita vikazuka. Hapo biashara ya ajwaini ilionyesha jinsi ilivyopangwa vibaya. Mbegu zililimwa Uhindi, koloni la Uingereza, lakini karibu zote zilizosafirishwa nje zilikwenda Ujerumani, ambako viwanda vya mafuta ya manukato, hasa vya eneo la Leipzig, vilizikeneka na kuuza thimoli kwa dunia nzima, Uingereza ikiwa miongoni mwa wanunuzi. Mwezi Agosti 1914 njia hiyo ilifungwa. Magunia ya ajwaini yalikosa mnunuzi Bombay, huku bei ya thimoli London na New York ikipaa mara kadhaa kwa muda mfupi. Uhindi ilianza kukeneka yenyewe, kwa shida mwanzoni. Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo ilihimiza kilimo cha mnanaa mwitu wa kusini mwa nchi hiyo, wenye thimoli ndani yake, lakini mavuno yake hayakuweza kuziba pengo. Baadaye wanakemia walijifunza kuitengeneza viwandani bila mbegu yoyote, na sehemu kubwa ya thimoli inayouzwa leo hutoka huko.

Bei ilipokuwa juu, madaktari walitazama kwingine. Mafuta ya kenopodiamu, ya mmea wa nchi za Amerika uliotumiwa na wenyeji kwa minyoo, yalikuwa yamejaribiwa Sumatra na madaktari wa mashamba ya Kidachi kabla ya vita. Kati ya 1915 na 1917 Samuel Darling na wenzake wawili walitumwa Malaya, Java na Fiji kuyalinganisha na thimoli. Waliacha kubahatisha kwa kuhesabu mayai. Walichuja kinyesi chote cha mgonjwa kwa chujio na kuhesabu minyoo mmoja mmoja, waliotoka kwa dawa ya kwanza na waliotoka baadaye. Ilikuwa kazi ya kutapisha, lakini ilitoa jibu safi: kenopodiamu iliwaondoa minyoo angalau sawa na thimoli, kwa dozi ndogo zaidi. Mwaka 1921 Maurice Hall, daktari wa mifugo wa Marekani, alitangaza tetrakloridi ya kaboni, kimiminika cha kusafishia nguo kilichokuwa rahisi kama maji. Kiliwaua minyoo vizuri na ini la baadhi ya wagonjwa pia, na miaka michache baadaye Hall akakibadilisha kwa tetrakloroethilini, iliyokuwa salama zaidi. Kufikia hapo thimoli ilikuwa imetoka katika foleni. Benzimidazoli zilizoingia sokoni kuanzia miaka ya 1960, na kutuletea mebendazole na albendazole, zilifunga ukurasa huo. Kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 hakihitaji haluli, wala njaa, wala siku nzima ya kulala ubavu wa kulia.

Thimoli iliyoachwa na matabibu ilirudi maabara kwa mlango mwingine. Kondoo na mbuzi husumbuliwa na mnyoo wa tumbo la nne ambaye amezoea dawa nyingi za kisasa, na wafugaji wa Brazil wamepata hasara kubwa. Watafiti wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo walipima mafuta ya mimea ya kwao yenye thimoli nyingi, na pia yujenoli, kiini kinachoipa karafuu harufu na makali yake. Ndani ya bakuli la maabara, vyote viwili huzuia mayai ya mnyoo huyo yasianguliwe. Ndani ya kondoo, nguvu hupungua sana, na sababu yake ni ileile iliyowasumbua waganga wa mwaka 1910: viini hivi hufyonzwa upesi na mwili, hubadilishwa na ini, na kutolewa kwa mkojo kabla havijakaa na minyoo kwa muda wa kutosha. Wanakemia wamejaribu kuambatanisha thimoli na kikundi cha asetili, kupata thimoli asetati yenye sumu pungufu, na wengine kuifungasha katika chembechembe zisizoyeyuka mapema. Kapsuli ya Bozzolo, kwa kweli, ilikuwa jaribio la kwanza la namna hiyo.

Jambo jipya kabisa ni kujua thimoli humfanya nini mnyoo. Waganga wa zamani walisema tu kwamba humlegeza. Mwaka 2015 watafiti wa Serbia walionyesha kwamba kavakroli, ndugu pacha wa thimoli apatikanaye katika oregano, huzuia misuli ya mnyoo mkubwa wa nguruwe isijikunje inapopokea asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuiamuru misuli. Mwaka 2019 watafiti wa Argentina walitumia mnyoo mdogo wa udongoni anayefugwa maabara duniani kote, wakaona kwamba thimoli, kavakroli na yujenoli humpooza kwa kuzuia vipokezi viwili vya misuli yake: kimoja cha asetilikolini, ambacho ndicho kilengwacho na dawa ya levamisole, na kingine cha kemikali inayotuliza misuli. Levamisole hukishika kipokezi hicho na kukilazimisha kifanye kazi bila kikomo, ilhali viini vya viungo hukizuia kisifanye kazi. Kwa kuwa njia ni tofauti, mnyoo aliyeizoea levamisole si lazima awe ameizoea thimoli, na hapo ndipo lilipo tumaini la watafiti hao.

Tumaini hilo lina maana ya pekee Pemba, kisiwa chenye mikarafuu na safura kwa pamoja. Maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa huko mwaka 2000 ilipewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Italia, nchi ileile ya Dubini, Grassi na Bozzolo. Wanafunzi wa kisiwa hicho wamepewa dawa za minyoo kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mebendazole, baada ya kutumiwa kwa mfululizo, ilipunguza mayai ya safura kidogo kuliko ilivyofanya hapo awali. Tangu hapo Pemba imekuwa mahali pa kupimia dawa mpya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliipima emodepside, dawa iliyotumika kwa paka na mbwa, dhidi ya safura na minyoo wa mjeledi, na ikaonekana kuwa na nguvu kuliko albendazole. Kama tetrakloridi ya Hall miaka 100 iliyopita, nayo ilianzia kwa wanyama. Mafuta ya karafuu za Pemba yanaendelea kukenekwa na kuuzwa kwa dawa za meno, sabuni na manukato.